Beetle ya 1969: natafuta gia ya pili, napata rivasi. Tulivyoitengeneza bila kushusha giaboksi

GiaYaPili (Morogoro)

Habari za muda huu wakuu.

Nina Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1969, gari la marehemu baba. Lilisimama chini ya mwembe nyumbani miaka kumi na moja, na tangu mwaka juzi nalifufua kidogo kidogo kila mshahara ukitoka. Breki zimekamilika, tangi limesafishwa, kabureta imefunguliwa mpaka kipande cha mwisho. Injini ni nzima, ukizungusha ufunguo inaitika. Kilichobaki kuninyima raha ni gia.

Leva ilikuwa inacheza kama mwiko kwenye sufuria tupu. Ukiwa kwenye gia ya tatu unaipeleka kushoto na kulia na gari halina habari. Ya kwanza inaingia ikitaka, ya nne haina shida. Balaa lilikuwa kwenye ya pili, kwa sababu kwenye Beetle ya pili na rivasi ni majirani. Ya pili iko kushoto nyuma. Rivasi iko kushoto zaidi, nyuma hapohapo, ila kwanza unatakiwa uisukume leva chini ndipo ikuruhusu kupita. Yangu ilikuwa inapita bila kusukumwa.

Siku niliyoogopa kweli ilikuwa jioni pale Msamvu, foleni ya mabasi. Natambaa na gia ya kwanza, nikakanyaga klachi, gari likakaribia kusimama, nikavuta leva nikijua naweka ya pili. Nilipoachia klachi gari likarudi nyuma. Nyuma yangu kulikuwa na bajaji, ndani mama na mtoto wake. Nikakanyaga breki, injini ikazima, ikabaki nafasi ya viganja viwili. Dereva wa bajaji alishuka akaniangalia bila kusema neno. Nikaegesha pembeni nikakaa nimeshika usukani mpaka mikono ilipoacha kutetemeka.

Kesho yake nikalipeleka gereji moja. Fundi akaliendesha kama mita mia, akarudi akasema giaboksi imekufa, ishushwe, itafutwe nyingine ya mtumba. Mnaozijua gari hizi mnaelewa maana yake: kushusha giaboksi ya Beetle lazima injini itoke kwanza. Bei aliyonitajia ilizidi ya breki na tangi kwa pamoja. Nikamwambia nitarudi na hela.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nawaza jambo moja tu. Giaboksi iliyokufa hupiga kelele, hii haipigi. Gia ikishaingia inakwenda kimya, haivumi, haichomoki. Shida yote iko kwenye safari kutoka kiganjani mwangu mpaka kwenye giaboksi. Kwa nini basi tuanze kufungua mwisho wa safari wakati hatujaangalia njiani?

Nimeandika uzi huu kwa sababu hiyo. Nimeona Beetle mbili hapa mjini zimekatwa zikauzwa chuma chakavu, na wenyewe walinieleza ugonjwa huuhuu.

Kwa asiyejua gari hili: injini iko nyuma, giaboksi iko mbele ya injini, leva iko huku mbele kati ya dereva na abiria. Katikati ya sakafu kuna mgongo wa chuma ulio wazi ndani kama bomba, na humo inapita rodi moja ndefu. Chini ya leva kuna kichwa cha duara kama goroli kubwa, kinakaa ndani ya kikombe kilichochomelewa kwenye rodi. Rodi inashikiliwa na bushi ya plastiki iliyoko ndani ya mgongo, karibu na leva. Ikifika nyuma inakutana na kaplingi, ambayo ndiyo inaiunganisha na shafti fupi inayotoka kwenye pua ya giaboksi. Vitu vinne hivyo, goroli, kikombe, bushi na kaplingi, kila kimoja kikilika kidogo tu, leva inakuwa yako peke yako na giaboksi inabaki na mambo yake.

Nimepima. Matokeo nayaweka kwenye posti inayofuata, nachaji simu.

404 ya Mzee (Arusha)

Mkuu, hongera kwa kutokubali haraka. Mimi nina Peugeot 404, gia zake ziko kwenye usukani, lakini ugonjwa nimeuonja. Niliambiwa vilevile giaboksi imekwisha, kumbe ni bushi za kwenye viungo vya fito zinazoshuka kutoka kwenye usukani. Hebu tueleze ulipima vipi, maana hapo ndipo wengi tunapopigwa.

GiaYaPili (Morogoro)

Kaka, kipimo chenyewe hakihitaji hata spana. Kinahitaji watu wawili na subira.

Ondoa kiti cha nyuma. Katikati, pale mgongo wa gari unapoishia, kuna kifuniko kidogo cha bati kilichoshikwa na skrubu. Kitoe, kaplingi utaiona humo ndani. Lakini kabla ya kuingiza mkono wala chuma chochote, ondoa waya wa hasi wa betri. Betri ya Beetle imekaa hapohapo chini ya kiti cha nyuma, na bisibisi ikigusa chanya na bodi kwa pamoja unaweza kuunguza gari. Hata springi za kiti zikiangukia vichwa vya betri isiyo na kifuniko zinaweza kuwasha moto. Jamani hili naomba lisipuuzwe.

Mdogo wangu akakaa mbele, injini imezimwa, gia ya pili imewekwa. Mimi nikapiga magoti nyuma na tochi. Nikamwambia atikise leva polepole, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Unachoangalia ni nani anaanza kusogea na nani anachelewa. Leva ikienda na rodi haijasogea, upotevu uko mbele, kwenye goroli na kikombe. Rodi ikipandapanda na kushuka badala ya kwenda mbele na kurudi, bushi imekwisha. Rodi ikizunguka na shafti ya giaboksi imetulia, kaplingi imekufa. Vyote vikitembea pamoja bila kuchelewa na bado gia haziingii, hapo sasa una haki ya kuitilia shaka giaboksi.

Kwangu vyote vitatu vilikuwa vinachelewa. Leva ilitembea karibu upana wa vidole vitatu kabla shafti ya nyuma haijajua kama kuna mtu ameishika.

Halafu nikaona kitu kilichoninyamazisha. Kaplingi ilikuwa imefungwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kimezungushwa mara tatu, juu yake waya wa kufungia kuni. Mpira wa ndani ulishakatika zamani, na mtu aliuziba kwa alichokuwa nacho. Nikamuuliza mama. Akasema baba yenu alitengeneza hiyo siku tunawapeleka kwa bibi Kilosa, njiani, na tulifika. Tyubu ile ilibana kwa miaka yote hiyo mpaka ikakauka ikawa kama gome.

Mchonga Vyuma (Dar es Salaam)

Mdogo wangu, umepima kama mtu mzima. Mimi nachonga vyuma mwaka wa ishirini na sita sasa na mara nyingi naletewa giaboksi ambayo haikuwa na kosa lolote.

Niongeze mawili. Kabla hujanunua chochote hakikisha klachi inaachia sawasawa. Pedali ya Beetle iwe na mchezo wa bure wa milimita 10 hadi 20 juu kabla haijaanza kusukuma. Ikiwa mchezo ni mkubwa mno, klachi haiachii vizuri, gia zinakwaruza na rivasi inalia, nawe utalaumu leva. Inarekebishwa kwenye ile nati ya masikio mwisho wa kebo, karibu na giaboksi, dakika tano.

La pili, angalia maunti ya mpira ya mbele ya giaboksi, ile pedi inayoishikilia kwenye bodi. Ikipasuka, giaboksi nzima inasogea unapoondoka na unapoachia mafuta. Rodi imefungwa kwenye bodi, giaboksi inaogelea, kwa hiyo gia inajichomoa yenyewe hata kama leva na kaplingi ni mpya kabisa.

Usitupe leva. Tuletee picha ya lile goroli.

GiaYaPili (Morogoro)

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Klachi nimepima, mchezo milimita 15, iko sawa. Maunti ni nzima, mpira haujapasuka.

Leva nimeitoa leo. Inashikwa na bolti mbili tu za spana 13. Ukizifungua, leva inanyanyuka pamoja na nyumba yake na springi, chini linabaki bati jembamba. Hilo bati msilidharau hata kidogo. Ni bati la kizuizi: lina ukingo uliokunjwa kwenda juu, na ukingo huo ndio unaoizuia leva isiende rivasi mpaka uisukume chini. La kwangu ukingo ulikuwa umeliwa, umekuwa na mkwaruzo mpana kama kijiko. Kwa hiyo zile siku zote leva ilikuwa inateleza tu kuelekea rivasi. Bajaji ya Msamvu nusura igongwe kwa sababu ya kipande cha bati cha ukubwa wa kiganja.

Kabla sijalitoa nilipiga picha na nikaweka alama ya kalamu ya rangi, upande upi mbele na upi kulia. Nawashauri mfanye hivyo. Ukilirudisha limegeuka utahangaika mchana kutwa, gia nyingine hutaziona kabisa.

Goroli lenyewe: limelika pande mbili, ya mbele na ya nyuma, limekuwa bapa kama kokwa ya embe. Pembeni bado lina uduara wake. Nikapima kwa vernia, kati ya sehemu nzima na iliyolika kuna tofauti ya karibu milimita moja na nusu. Inaonekana ndogo, ila leva ni ndefu: milimita moja na nusu kule chini inazaa mchezo mkubwa huku juu kwenye kishikio. Kikombe kimelika kidogo tu. Bushi haipo. Namaanisha haipo kabisa, nimepata vipande vyake vitatu humo ndani vimechanganyika na grisi iliyoganda na mchanga.

Binti Tanga

Habarini kaka zangu. Nimefurahi kuuona uzi huu. Mimi nina Beetle ya 1974, ya kwangu mwenyewe, niliinunua kwa mwalimu mstaafu. Yangu gia zote zinaingia lakini ya nne inachomoka ninapoachia mafuta kwenye mteremko. Mafundi wawili wameniambia giaboksi. Nianzie wapi?

Na je, hizo spea zinapatikana wapi siku hizi?

GiaYaPili (Morogoro)

Dada, karibu. Kwa dalili yako, anza na aliyosema mzee hapo juu: lala chini uangalie maunti ya mbele ya giaboksi. Mtu akusaidie kuinyanyua giaboksi taratibu kwa jeki yenye kibao juu yake. Ukiona mpira unafunguka kama mdomo, mganga umempata. Maunti ikiwa nzima, fanya kipimo cha watu wawili. Vyote viwili vikiwa sawa, hapo ndipo ringi za sinkro (zinazolainisha gia kuingia) na uma za ndani (zinazozisukuma gia) zinaingia kwenye maongezi, na hiyo kweli ni kazi ya kufungua giaboksi. Usikubali kufungua kabla ya hapo.

Kuhusu spea, gari hili lina bahati. Ujerumani waliacha kutengeneza lile la paa gumu Januari 1978, lakini Mexico waliendelea mpaka Julai 2003, na jumla ya zilizotoka viwandani zilipita milioni 21. Afrika Kusini nao walikuwa wanaziunda kule Uitenhage tangu 1951 hadi 1979, usukani kulia kama zetu. Kwa hiyo vitu vidogo kama bushi, kaplingi na bati la kizuizi bado vinatengenezwa vipya. Kaplingi na bati nimeagiza, vinakuja kwa mtu anayesafiri kutoka Nairobi. Bushi waliniambia imeisha, isubiri mwezi. Hapo ndipo nilipokwama.

Mchonga Vyuma (Dar es Salaam)

Usikwame. Bushi ile ni plastiki tu. Tafuta fundi mwenye mashine ya kukereza hapo Morogoro, mpelekee kipande cha nailoni ngumu ya duara, ile nyeupe wanayotengenezea roli za mageti. Apime tundu la kishikio cha bushi ndani ya mgongo kwa nje ya bushi, na rodi yenyewe kwa ndani. Lakini asipime rodi mahali palipolika! Apime sehemu nzima, sentimita chache pembeni, kisha aache nafasi ndogo ya grisi. Akimaliza aipasue upande mmoja kwa msumeno mwembamba ili uweze kuibana na kuipenyeza.

Msitumie mpira wa tairi. Najua wengi wanafanya hivyo. Mpira ukikutana na grisi unavimba, unaishika rodi, na leva inakuwa nzito mpaka mnadhani ni sinkro.

Goroli ni kazi ya kuchomelea na kupiga tupa. Usiweke shaba, ni laini mno, kikombe cha chuma kitaila kabla ya mwaka kwisha. Weka chuma, tone dogo dogo, pumzika lipoe, kisha jingine. Ukichomelea kwa pupa leva inapinda. Pande zile mbili ambazo hazijalika usiziguse kabisa, ndizo zinazokueleza kipimo cha asili. Kata kipande cha bati nusu duara kwa kipimo hicho, kiwe ndiyo kalibu yako. Unapiga tupa, unaweka kalibu, unatazama mwanga unapita wapi, unapiga tupa tena pale palipogusa.

404 ya Mzee (Arusha)

Mzee wangu shikamoo. Samahani kidogo kwa kupinga. Kwa nini tuchomelee leva ya mwaka 1969 wakati leva za mitumba zipo? Mimi kwangu naona kitu cha usalama kama gia ni bora kibadilishwe kizima.

Mchonga Vyuma (Dar es Salaam)

Marahaba. Kama umepata leva nzima ya gari lilelile, badilisha, sina ugomvi. Ila mtumba wa leva umelika vilevile, umetembea miaka hiyohiyo. Nimeletewa leva za mitumba zilizolika kuliko ile iliyotolewa. Na jingine, hizi gari hazikuanza leo kukarabatiwa huku kwetu. Beetle ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1957, ikashinda tena 1962, kwenye barabara za vumbi na matope za Kenya, Uganda na Tanganyika. Usidhani waliokuwa wanaziweka barabarani walikuwa wanangoja meli kila kitu kilipolegea.

404 ya Mzee (Arusha)

Nimekubali mzee. Na ukitaja Safari nami siwezi kunyamaza: 404 ilianza kushinda mwaka uliofuata, 1963, halafu dereva Bert Shankland aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania akashinda nayo mara mbili mfululizo, 1966 na 1967. Mzee wangu alinunua 404 kwa ajili ya yule bwana. Tuendelee na leva.

GiaYaPili (Morogoro)

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili zimepita, kazi imekamilika. Nawaeleza kama ilivyokwenda, pamoja na pale nilipokosea.

Goroli tulilifanya Jumamosi nzima. Fundi wangu ana mashine ya kukereza lakini tulipojaribu kuifunga leva ilikuwa inayumba kwa sababu imepinda kwa umbo lake, ikabidi tufuate njia ya tupa na kalibu. Alichomelea matone manane, manne kila upande, na kati ya tone na tone tulikuwa tunakunywa chai. Kisha tupa. Mimi nilishika taa nyuma ya kalibu, yeye anatazama mwanga. Mwanzoni mwanga ulikuwa unapita kama mwezi mwembamba upande wa mbele. Kufikia saa kumi ukawa uzi. Alipomaliza na msasa laini hukuweza kuona mwanga hata ukikaza jicho. Akalitia goroli kwenye kikombe, likaingia na kuzunguka kwa utulivu bila kugongagonga. Alitabasamu, na mtu huyu huwa hatabasamu ovyo.

Bushi ya nailoni alikereza kwa shilingi elfu kumi na tano, nikaongeza elfu tano kwa hiari yangu. Kuiweka ndiyo kazi inayochosha mikono. Nilifungua kaplingi nyuma, nikaisogeza rodi mpaka ikatoka kwenye kishikio cha bushi, nikasafisha humo ndani kwa kitambaa kilicholowa dizeli kilichofungwa kwenye fimbo. Uchafu uliotoka ulijaa kopo la rangi. Ndani yake kulikuwa na senti hamsini ya zamani na kifungo cha shati. Kisha nikapenyeza bushi kwa vidole viwili kupitia tundu la leva, nikaipaka grisi, nikairudisha rodi. Ilinichukua saa mbili na ngozi ya kifundo kimoja.

Kosa langu lilikuwa kwenye kaplingi. Kaplingi ina skrubu yenye ncha inayoingia kwenye kitundu kidogo kilicho kwenye shafti ya giaboksi. Mimi niliikaza gizani kwa kubahatisha. Gia zote zikapatikana, nikashangilia, nikatembea mtaani nikarudi. Asubuhi yake ya kwanza na ya pili hazipo. Skrubu ilikuwa imekaa pembeni ya kitundu, ikateleza kwenye shafti. Nilifungua upya, safari hii nikaingiza waya kwanza kuhisi kitundu kiko wapi, nikalinganisha, nikakaza mpaka nikasikia ncha imezama. Halafu nikaifunga skrubu kwa waya ili isijifungue kwa mtikisiko. Kiwandani waliifunga kwa waya pia, haikuwa urembo. Ukiikuta haina waya, ujue aliyepita kabla yako alikuwa na haraka.

Mwisho ni kuweka leva. Matundu ya bolti ni marefu kidogo, kwa hiyo nyumba ya leva na bati la kizuizi vinaweza kusogezwa kabla ya kukaza. Niliweka bolti zikiwa zimelegea kidogo, nikaingiza gia ya pili, nikasogeza mpaka leva ilipogusa ukingo wa bati bila kuupanda, nikakaza nusu. Injini imezimwa, nikajaribu kila gia mara kumi. Rivasi nikajaribu kuingia kwa nguvu bila kusukuma leva chini: imegoma. Nikasukuma chini: imeingia. Ndipo nikakaza kabisa.

Oili ya giaboksi nimebadilisha pia, ilikuwa nyeusi. Inaingia lita 2.5, nimetumia namba 90 ya daraja la GL-4. Msiweke ya GL-5 kwa kudhani kubwa ndiyo bora. Ringi za sinkro ni za shaba, na dawa nyingi zilizomo kwenye baadhi ya hizo oili zinaweza kuidhuru shaba.

Jumapili nikaenda Chalinze na kurudi. Mama alikaa mbele. Ya pili sasa inaingia kwa vidole viwili, na leva ikiwa kwenye gia imetulia kiasi kwamba unaisikia injini kupitia kishikio. Pale Msamvu nikakuta foleni ileile. Nikaweka ya pili, nikaangalia kioo cha nyuma kwa mazoea ya woga, nikaachia klachi, tukaenda mbele.

Yule fundi wa mwanzo sijarudi kumsimanga. Nilipita tu nikamwambia sihitaji tena kushusha, akauliza nilifanyaje, nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho.

Binti Tanga

Kaka, nimesoma huku machozi yananilengalenga kwa hiyo tyubu ya baiskeli. Umeitupa?

Nami nimepima. Maunti imepasuka nusu nzima, nilipoinyanyua kwa jeki ilifunguka kama mlivyosema. Nimeagiza nyingine. Lakini tulipofanya kipimo cha watu wawili rodi nayo inapandapanda, nadhani bushi imekwisha. Huku sijapata fundi aliyewahi kuiona, niliyemuuliza anataka kipimo mkononi.

Mchonga Vyuma (Dar es Salaam)

Binti yangu, nikipata sampuli moja mpya nakukerezea. Nailoni ninayo. Asinipimie mtu kwa simu, nataka niishike mwenyewe.

GiaYaPili (Morogoro)

Dada, tyubu sijaitupa, iko kwenye droo pamoja na funguo za zamani za gari.

Mzee wangu, ile bushi niliyoambiwa isubiri mwezi imefika juzi na sikuihitaji tena, bado iko kwenye mfuko wake. Jumatatu asubuhi naipeleka Msamvu, naiweka kwenye basi la kwanza la Dar. Nimeifunga kwenye kopo la maziwa ili isibanwe na mizigo. Ukimaliza kupima mtumie Binti Tanga hiyohiyo, na ya kukereza ibaki kwako kama sampuli kwa atakayefuata.

Binti Tanga

Asanteni sana. Nauli ya mzigo kutoka Dar nalipa mimi. Mzee, shikamoo, nitumie namba ya gereji kwa ujumbe wa ndani.

Mchonga Vyuma (Dar es Salaam)

Marahaba. Nimekutumia. Na usiliendeshe hilo gari mteremkoni mpaka maunti ifike.